Jinsi ya Kuchukua Ridhaa ya Mshiriki wa Utafiti wa Tiba, Hatua kwa Hatua

Mkaguzi wa utafiti akifika kituoni, jalada la kwanza analoomba ni la ridhaa, na hapo ndipo watu hutokwa jasho. Fomu imesainiwa lakini tarehe ni ya kesho yake. Dole gumba lipo, shahidi hayupo. Ukurasa wa mwisho ni wa toleo la 3, zilizobaki ni za toleo la 2. Kibaya kuliko vyote, mshiriki akipigiwa simu na kuulizwa yuko kwenye utafiti gani, anajibu: "Utafiti? Mimi natibiwa tu pale."

Nimewafundisha kazi hii wauguzi, matabibu na wasaidizi wa utafiti kwa miaka kadhaa, na makosa yanayorudi ni yale yale. Ndiyo maana nayaweka yote hapa pamoja. Mfano wangu ni utafiti wa dawa au chanjo unaochukua damu, maana huo ndio wenye mitego mingi. Mwenye dodoso peke yake ataruka baadhi ya mambo. Tanzania tunasema ridhaa, Kenya wengi husema idhini; kazi ni moja.

## Vitu vya kuandaa

- Fomu ya ridhaa iliyopitishwa na kamati ya maadili, nakala mbili kwa kila mshiriki. Moja anaondoka nayo.
- Orodha ya majukumu ya utafiti yenye jina lako na saini ya mtafiti mkuu. Kama jina lako halimo, huruhusiwi kuchukua ridhaa, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini.
- Kalamu ya wino wa bluu au mweusi. Penseli hapana.
- Kidau cha wino, na kitambaa cha kumfutia mtu kidole baada ya kuweka dole gumba.
- Shahidi asiyehusika na utafiti, awepo karibu tangu asubuhi.
- Chupa tupu za damu za aina ile ile mtakayotumia, na kijiko cha chai.
- Saa moja mnayoifuata wote, kuanzia wewe hadi maabara.
- Viti viwili vyenye kimo sawa, mahali ambapo jirani hasikii. Chini ya mwembe ni sawa kabisa, mradi benchi la wagonjwa liko mbali.

Korekta, ule wino mweupe wa kufutia maandishi, iondoke mezani. Ikiwepo, siku moja itatumika.

## Hatua ya 1: Kagua fomu kabla mtu hajaketi

Chini ya kila ukurasa pana namba ya toleo na tarehe. Ilinganishe na barua ya kibali. Tanzania Bara barua hiyo inaweza kutoka kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya itatoka kwenye kamati iliyosajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Utafiti wa dawa huongezewa kibali cha mamlaka ya dawa: TMDA au, kwa Kenya, PPB. Vibali vinaweza kujaa kabati zima, lakini pale mezani swali ni moja tu: toleo lililotajwa kwenye barua ndilo ulilolishika?

Matoleo huchanganyika kwa sababu ya kijinga: mtu ameishiwa fomu, akachukua iliyo karibu akaitoa kopi. Toleo jipya likifika, ya zamani yote yatoke kwenye droo siku hiyo hiyo, hata yale yaliyobaki kama karatasi za kufundishia.

Kisha mwombe mwenzako aisome fomu kwa sauti. Fomu nyingi zimetafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka. Niliwahi kukabidhiwa moja iliyoandika kwamba huu ni "utafiti wa upofu maradufu". Bibi mmoja alinyanyuka kitini akiuliza kama dawa yenyewe inaharibu macho. Mtafsiri alikuwa anataka kusema kwamba si daktari wala mgonjwa anayejua nani amepewa dawa ipi. Ukikuta kitu cha namna hiyo usikate maneno kwa kalamu. Andika kwa mtafiti mkuu, marekebisho yapelekwe kamatini, na wakati mnasubiri eleza kwa mdomo maana iliyokusudiwa.

## Hatua ya 2: Jua unaongea na nani

Mtu mzima mwenye akili timamu, wa miaka 18 na kuendelea, anajitolea ridhaa mwenyewe. Mke hahitaji saini ya mume. Barua ya mwenyekiti wa kijiji au ruhusa ya chifu inakufungulia njia ya kuingia kijijini, basi. Haimtolei mtu yeyote ridhaa.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi halali anatoa ridhaa, na mtoto mwenyewe akifikia umri uliotajwa kwenye protokali (andiko la utafiti linaloeleza taratibu zake zote) anaulizwa naye akubali au akatae. Mtego mkubwa hapa ni bibi. Bibi ndiye anayemleta mjukuu kliniki, ndiye anayemlea, na ndiye anayejua alianza kuharisha lini. Lakini mama yake mtoto yuko Dar anafanya kazi, yu hai, na anapatikana kwa simu. Je, bibi ni mlezi halali? Usikisie. Soma protokali inavyosema, na kama haisemi, uliza kabla hujaendelea. Vivyo hivyo kwa mama wa miaka 16 mwenye mtoto mgongoni.

Angalizo: mwanamke aliye kwenye uchungu, au mgonjwa anayetetemeka kwa homa, hawezi kukusikiliza. Atasema ndiyo kwa kila kitu ili umwache. Tuliza maumivu kwanza, urudi baadaye kama protokali inaruhusu kusubiri.

## Hatua ya 3: Tenganisha utafiti na matibabu

Koti jeupe livue. Msalimie mtu kwa heshima yake, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, kisha sema sentensi hii au inayofanana nayo: "Bibi, hapa sikutibu. Nimekuja kukuomba jambo, na una haki ya kunikatalia."

Neno "kukuomba" lina kazi. Wagonjwa wetu wamezoea kuambiwa: kalia hapa, vua shati, meza hii, rudi Jumatatu. Ukiongea nao kwa lugha hiyo hiyo watachukulia utafiti kuwa amri nyingine ya hospitali. Endelea papo hapo: akikataa, atarudi kwenye foleni yake na kutibiwa kama alivyokuja kutibiwa, na hakuna atakayemnunia.

Nauli usiitaje hapa. Itafika zamu yake, kwa kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye fomu. Ukiitaja dakika ya pili, hakuna kingine atakachosikia.

## Hatua ya 4: Eleza, usisome

Kusoma kurasa nane kwa sauti moja hakumsaidii mtu. Weka fomu katikati yenu, onyesha sehemu kwa kidole, na uongee: tunatafuta nini, utakuja mara ngapi, kwa muda gani, tutakufanyia nini, nini kinaweza kukuumiza, nani atakulipia matibabu ukidhurika, taarifa zako nani ataziona. Mengi kati ya hayo yanaelezeka bila shida. Matatu huwakwaza watu, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Damu. Usiseme "mililita 4". Mwekee mtu chupa tupu mkononi, kisha chukua kijiko cha chai: kijiko kimoja ni mililita 5, kwa hiyo chupa hiyo haijazi kijiko. Kama mtachukua chupa tatu, mwekee zote tatu, usifiche mbili mfukoni. Mwambie pia kwamba mtu mzima ana damu kama lita 5, na anayejitolea benki ya damu hutoa mililita 450 kwa mkupuo. Halafu sema damu inakwenda wapi: maabara ipi, itakaa miaka mingapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, itapimwa vinasaba au la.

Atakayekuuliza kama mnaiuza, au kutaja mumiani, au Freemason, usimcheke. Habari za mumiani zimezunguka pwani hii tangu enzi za mababu, na aliyekuuliza waziwazi amekusaidia. Wapo kumi walionyamaza nazo. Jibu swali lake kama unavyojibu la nauli. Ukiweza, mpeleke akaione maabara. Mzee mmoja alisimama mlangoni akatazama mashine ikizungusha chupa, akaniuliza tu: "Sasa mkimaliza mnaimwaga wapi?" Nikampeleka akaone tanuri la kuchomea taka. Aliporudi alishika kalamu.

Kupangwa kwenye kundi, yaani nani apate dawa mpya na nani apate ya kulinganishia. Fomu nyingi huandika "bahati nasibu", na neno hilo lina matatizo yake. Kwa msikilizaji wa redio, bahati nasibu ina mshindi. Kijana mmoja alipoambiwa kundi lake aliniuliza, "Kwa hiyo nimeshinda?" Mimi husema: "Kompyuta ndiyo inayochagua, kama mtu anayerusha shilingi. Mimi sichagui, daktari hachagui, na wewe huwezi kuomba kundi." Kisha nachukua sarafu na kuirusha mbele yake mara mbili tatu.

Eleza pia kundi la ulinganisho linapata nini hasa. Kama ni kidonge kisicho na dawa ndani yake, sema hivyo hivyo. Usikiite "dawa nyepesi". Si lazima kiwe kitu kitupu. Kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na vituo vingine, watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi la ulinganisho walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mzazi ana haki ya kujua jambo kama hilo kabla ya sindano.

Hatujui. Hili ndilo gumu kulisema, hasa kwa daktari. Mtu akikuuliza "ipi bora?" jibu la kweli ni "hatujui, ndiyo maana tunatafiti". Wengi huona aibu, wakaongeza chumvi: "lakini hii mpya tunaitegemea sana". Umeshaharibu ridhaa.

Ukitetereka, kumbuka utafiti wa FEAST. Ulihusisha watoto 3,141 waliolazwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo za Kilifi na Muheza. Vitabu vilikuwa vinafundisha kwamba mtoto wa namna hiyo amiminiwe dripu haraka. Matokeo yalipotoka mwaka 2011, waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi: ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila 100, na kwa wasiomiminiwa 7.3. Wataalamu waliokuwa na uhakika na dripu walikuwa wamekosea.

FEAST inajibu na swali jingine ninaloulizwa: mtoto akiletwa anakata roho, unaketi naye na fomu? Hapana. Pale, mzazi ambaye hakuweza kutoa ridhaa ya maandishi papo hapo aliombwa kauli ya mdomo, na mazungumzo kamili na saini vikafuata hali ilipotulia. Lakini kamati za maadili zilikuwa zimepitisha utaratibu huo kabla. Wewe usiubuni ukiwa wodini.

## Hatua ya 5: Usiulize "Umeelewa?"

Jibu la swali hilo kwetu ni moja: "Nimeelewa, daktari." Ni adabu. Mtu mzima hawezi kumwaibisha msomi kwa kumwambia hajaeleweka, hata kama hajaambulia kitu. Kwa hiyo geuza mzigo uwe wako: "Mama, mimi huwa naongea haraka. Ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza hospitali walikuambia nini, utamjibuje?"

Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usimtafunie maneno. Katika majibu yake tafuta mambo haya: kwamba ni utafiti, kwamba anaweza kukataa au kutoka baadaye, atakuja mara ngapi, damu kiasi gani, kwamba hachagui kundi, na angalau athari moja inayoweza kumpata.

Akikosa, rudi kwenye sehemu hiyo tu, kwa maneno mengine, umuulize tena. Akikosa mara ya pili, mwambie apumzike, arudi siku nyingine na ndugu anayemwamini. Akikosa tena, usimwandikishe, hata kama idadi ya washiriki mliyopangiwa haijatimia na mratibu anapiga simu kila jioni.

Utajua hatua hii imekwenda vizuri pale mtu anapoanza kukuuliza maswali usiyoyatarajia. Mama akiuliza "na nikipata mimba katikati?" ujue amekuelewa kuliko yule aliyetikisa kichwa mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 6: Mpe nafasi ya kuondoka

Mwambie waziwazi kwamba anaweza kwenda na karatasi ya maelezo nyumbani akazungumze na mume, mama mkwe, shehe au mchungaji wake. Wengine watarudi na wengine hawatarudi. Asiyerudi amekujibu, usimtume mhudumu wa afya wa kijiji akamgongee mlango.

## Hatua ya 7: Saini, tarehe na saa

Mpangilio ni huu: mshiriki anaandika jina, anasaini, anaandika tarehe na saa kwa mkono wake. Kisha wewe, kwa mkono wako. Nakala zote mbili. Haya yote kabla ya kipimo chochote cha utafiti. Hata kumpima uzito kwa ajili ya utafiti kunasubiri.

Usimwandikie mshiriki tarehe "kumsaidia". Mkaguzi anaona mwandiko mmoja kwenye mistari miwili na anauliza.

Saa yetu na saa ya mashine. Kosa hili silioni kwenye miongozo ya wageni, na sisi linatumaliza. Muuguzi anaandika saini ilikuwa "4:40", maana yake saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mashine ya maabara inachapisha "10:55". Mkaguzi anasoma kwamba ridhaa ilichukuliwa alfajiri kliniki ikiwa imefungwa. Siku nyingine inakuwa kinyume: saini "5:10", damu "10:50", naye anaona ridhaa ilitangulia damu kwa zaidi ya saa tano. Ukihesabu vizuri, saa tano na dakika kumi ni 11:10. Damu ilitolewa dakika ishirini kabla ya saini, na hilo ni kosa zito lililojificha. Kubalianeni kuandika saa kama simu inavyoonyesha, kwa mfumo wa saa 24, na saa ya ukutani irekebishwe kila Jumatatu. Mshiriki mwonyeshe saa hiyo anakili.

Asiyesoma wala kuandika. Shahidi anaingia mwanzo wa mazungumzo, siyo mwisho. Awe anajua kusoma, asiwe mtumishi wa utafiti, na asiwe mtu ambaye mshiriki anamwogopa. Akisikia yote, mshiriki anaweka dole gumba, kisha shahidi anasaini na kuandika tarehe kwa mkono wake. Jina la mshiriki kwa kawaida huandikwa na shahidi. Angalia protokali yenu. Mlinzi wa geti aliyeitwa dakika ya mwisho "aje asaini hapa" si shahidi. Hajashuhudia chochote.

## Hatua ya 8: Andika kwenye jalada

Saini peke yake haionyeshi mazungumzo yalivyokwenda. Andika maelezo mafupi siku hiyo hiyo, kwa mfano:

"Nimezungumza na mshiriki kwa Kiswahili kuanzia 09:50, chumba namba 2. Shahidi alikuwepo muda wote. Aliuliza kuhusu kunyonyesha na kuhusu damu kupelekwa nje. Alieleza kwa maneno yake mahudhurio sita, na kwamba anaweza kujitoa. Dole gumba 10:35, toleo la 3. Amepewa nakala. Damu imetolewa 10:50."

Maneno hayo machache yamenusuru vituo vingi kuliko fomu yenyewe. Nakala ya kituo inakwenda kwenye kabati lenye kufuli, mbali na majalada yenye namba za utafiti, ili jina na namba visikae pamoja.

## Hatua ya 9: Ukikosea

Piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na tarehe ya leo. Tarehe ya leo, siyo ya siku ile. Tarehe ya mshiriki ikikosekana usiijaze wewe: andika barua ya maelezo jaladani, mjulishe mtafiti mkuu, na mshiriki akirudi asaini upya kwa tarehe ya siku hiyo.

Damu iliyotolewa kabla ya saini ni ukiukaji wa protokali. Toa taarifa. Makosa yaliyoripotiwa na kituo chenyewe nimeona yakisahihishwa na kazi ikaendelea. Tarehe iliyorudishwa nyuma ikigundulika, kila karatasi uliyowahi kusaini inatolewa kabatini.

## Hatua ya 10: Ridhaa hurudiwa, na mtu hutoka

Toleo jipya la fomu likipitishwa, au ikijulikana athari mpya ya dawa, kamati itasema nani asainishwe tena. Kaa naye upya kama mara ya kwanza. Usimsukumie karatasi dirishani na kusema "saini hapa, ni utaratibu tu".

Na kila hudhurio muulize kama bado yuko tayari. Akisema anatoka, hadaiwi sababu. Muulize mambo mawili tu: damu iliyobaki kwenye friji tuitumie au tuiharibu, na tukupigie simu kuulizia afya yako au tusipige? Andika majibu yake, mpe nauli ya siku hiyo kama wengine, na umsindikize hadi foleni ya kliniki ya kawaida. Kisha futa namba yake kwenye orodha ya kukumbushia mahudhurio kabla hujatoka kazini jioni hiyo, maana ujumbe huwa unajituma wenyewe saa kumi na mbili asubuhi.